Waiyaki Way Inaanzia Baharini

Wiki jana nilikuwa kwa matatu nikitoka tao kuelekea Kikuyu. Tumepita Westlands, Kangemi, Uthiru, Kinoo, na pale Gitaru, ambapo Southern Bypass inaungana na barabara kuu, tukakwama. Mbele trela, nyuma trela, kando trela. Kontena la bluu, kontena la kahawia, namba za Uganda, namba za hapa kwetu. Mama mmoja aliyepakata mtoto akauliza kwa hasira, "Kwani haya matrela yote yanatoka wapi?" Makanga akajibu bila hata kugeuka: "Mombasa, mathe. Kila kitu kinatoka Mombasa."

Jibu hilo limekataa kunitoka kichwani. Sisi wa Nairobi, Mombasa kwetu ni Desemba. Ni picha ya miguu kwenye mchanga, ni viazi karai na madafu, ni kulalamika kwamba joto limezidi na watu wa huko wanatembea polepole. Tukirudi Januari tunaisahau mpaka Desemba nyingine. Lakini barabara ninayopita kila siku, ile tunayoiita Mombasa Road upande mmoja wa mji, Uhuru Highway katikati na Waiyaki Way upande huu wetu wa magharibi, ni barabara moja tu. Inaanzia bandarini na inaendelea mpaka mpaka wa Uganda. Sisi tumejenga nyumba kandokando yake halafu tukadhani ni yetu.

Na huyo Waiyaki mwenyewe? Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu hapa Dagoretti. Mwaka 1890 alimpokea Lugard wa kampuni ya Waingereza, wakala kiapo cha urafiki. Urafiki haukudumu. Agosti 1892 alishikwa pale Fort Smith, si mbali na hapo tulipokwama na matatu, akaanza kutembezwa akiwa mfungwa kuelekea pwani. Hakufika. Alifia njiani, Kibwezi. Wazee husimulia kwamba alizikwa kichwa chini, tena akiwa hai. Nikifikiria jina lake kwenye kibao cha barabara, na matrela yanavyopita kutoka kule alikokuwa akipelekwa, naona historia yetu yote imelala kwenye hiyo lami.

Kwa hiyo leo nataka niongee kuhusu Mombasa. Hii ya hoteli muiweke kando. Nataka ile ambayo bila yake Nairobi isingekuwako. Nina hoja moja, na nitaizunguka kidogo kabla ya kuifikia, kwa hivyo tafuta chai.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mombasa, au Mvita kama wenyewe walivyoiita, ni kisiwa. Wengi tunajua hivyo kwa mdomo lakini hatujaiona kwa akili. Ni kipande cha mwamba wa matumbawe kilichoingizwa ndani ya bara kama ulimi mdomoni, bara likikizunguka karibu pande zote. Upande wa mashariki na kaskazini kuna mkono wa bahari unaoingia Tudor, na hapo ndipo ilipo bandari ya zamani, chini ya Mji wa Kale na Fort Jesus. Upande wa magharibi na kusini kuna mkono mwingine, mpana na wenye kina kirefu kabisa, na jina lake linajieleza lenyewe: Kilindini. Kilindi ni maji marefu. Watu waliopaita hivyo walikuwa wameshapima.

Ona sasa. Bandari mbili, kila moja na tabia yake. Ile ya Mji wa Kale ni nzuri kwa jahazi: maji yametulia, ufuo uko karibu, na bahari inapanda na kushuka sana, karibu mita nne wakati wa bamvua. Jahazi lililokupwewa na maji linaweza kukarabatiwa tumbo bila gharama, unangoja tu maji yarudi. Lakini meli kubwa ya chuma haiwezi kucheza hapo, hiyo inataka Kilindini. Ndiyo maana Mombasa haikufa wakati majahazi yalipopitwa na wakati, kama zilivyodorora bandari nyingine nyingi za pwani yetu. Iligeuka tu upande wa pili wa kitanda.

Kisiwa hakina mto. Wenyeji waliishi kwa maji ya visima, na leo mji unakunywa kwa sehemu kubwa maji yanayotoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, ambayo ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu ikapenya kwenye mawe ya volkano. Usijicheke sana kwa sababu bomba lenu Kangemi limekauka. Ndugu zetu wa Mombasa wanaijua hiyo shida kuliko sisi.

Halafu upepo. Hapa ndipo mimi huchangamka.

Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, upepo wa pwani hutoka kaskazini mashariki. Ni kaskazi. Bahari inatulia, jua linawaka, Februari na Machi joto hupanda hadi nyuzi 32 au 33 na jasho halikauki. Kuanzia Aprili upepo unageuka, unatoka kusini, nao ni kusi. Huo una nguvu, unaleta mawingu na mvua za masika. Kwa Mombasa mwezi wa mvua kubwa ni Mei, wakati hapa kwetu Aprili ndiyo huloanisha watu. Julai na Agosti kusi inapovuma, hata Mombasa kunapoa kidogo, mtu anaweza kulala bila feni.

Kwa mtu wa leo hiyo ni habari ya hali ya hewa tu. Kwa mtu wa mwaka 1300 hiyo ndiyo ratiba ya dunia. Nahodha wa Arabuni, wa Uajemi au wa Bara Hindi alishuka na kaskazi, jahazi limejaa nguo, vyombo vya udongo, tende. Akitaka kurudi, alipaswa kungoja upepo ugeuke. Hakuna pesa ya kununua upepo. Alingoja wiki, alingoja miezi. Na mtu akikaa mahali miezi anafanya nini? Anapanga chumba. Anakula. Anajifunza kuomba maji kwa lugha ya mwenyeji. Anakopesha na kukopa. Anaswali na majirani. Wengine walioa, wakaacha watoto, wakarudi msimu uliofuata, wengine hawakurudi tena nyumbani. Nyumba za matumbawe na chokaa zenye boriti za mikoko, vichochoro vyembamba vinavyoshika kivuli na kuvuta upepo, baraza za mawe nje ya mlango ambapo mgeni hukaa kabla hajaruhusiwa kuingia ndani, vyote hivyo vimejengwa na watu waliojua kungoja.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita hapo akitoka Mogadishu kuelekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hicho hawalimi nafaka, wanaletewa kutoka bara, wanakula ndizi na samaki, wana dini nzuri, na misikiti yao ni ya mbao. Alilala usiku mmoja akaondoka. Mimi humwonea huruma kidogo. Usiku mmoja Mombasa ni kama sisi na wikendi zetu.

Lakini ona alichokiona: chakula kinaletwa kutoka bara. Yaani kabla ya reli, kabla ya Mzungu yeyote, mji huo ulikuwa umefungamana na watu wa ndani. Wamijikenda walikuwa na mapatano yao na Waswahili wa Mvita. Waswahili wenyewe ni mataifa kumi na mawili, Thelatha Taifa upande mmoja na Tisa Taifa upande mwingine, na kila upande ulikuwa na marafiki zake bara: Wadigo na Waduruma huku, Wagiriama na Warabai kule. Baadaye, katika karne ya 19, Wakamba walishuka na misafara ya pembe za ndovu hadi pwani kwa miguu yao wenyewe. Hakuna aliyetufungulia njia ya bahari. Njia ilikuwako.

Na tusipake asali. Bandari hiyo iliuza pia watu. Karne ya 19 mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa, na ukivuka daraja la Nyali utafika mahali panapoitwa Kengeleni. Ni kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Nimewahi kushuka hapo kwa matatu kununua maji, sikujua nilisimama wapi. Hakuna aliyeniambia shuleni.

Wareno nitawapita haraka, maana hao mmewasoma mpaka basi. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, hakuaminiwa, akaenda zake Malindi. Mwaka 1505 Almeida akaja akauchoma mji. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mwitaliano, Cairati. Mwaka 1631 mfalme kijana wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea Goa wakambatiza Dom Jerónimo, aliwageuka akaitwaa ngome yao. Na mwezi Machi 1696 Waomani wakaizingira, mzingiro ukaendelea mpaka Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa! Kwa nini mrefu hivyo? Upepo tena. Msaada wa Wareno ulitoka Goa, na Goa ulikuja kwa msimu. Mle ndani watu walikuwa wakifa kwa maradhi wakingoja upepo ugeuke. Meli moja ya msaada, Santo António de Tanna, iko chini ya maji mbele ya ngome mpaka leo.

Baada ya hapo wakaja akina Mazrui wakatawala mji kama wao wenyewe, wakati ambao mshairi Muyaka bin Haji alikuwa akipasua mbarika kwa mashairi yake, mpaka Seyyid Said wa Zanzibar akawashinda mwaka 1837.

Sasa tufike kwetu.

Mwaka 1887 Sultani wa Zanzibar aliwapa Waingereza haki ya kuendesha ukanda wa pwani, ule wa maili kumi. Julai 1895 wakatangaza himaya. Mei 1896 wakaanza kutandaza reli Mombasa. Walileta kutoka Bara Hindi wafanyakazi wapatao 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Mnawajua zaidi wale walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898, kwa sababu simba wanauza filamu. Malaria na ajali haziuzi.

Mei 1899 reli ikafika mahali pa kinamasi ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe, mahali pa maji baridi, Enkare Nairobi. Ni takriban maili 327 kutoka Mombasa. Kwa nini hapo? Kwa sababu mbele yake ardhi inaanza kupanda kuelekea Kikuyu na Limuru, na injini zilihitaji pahali tambarare pa kupumzika, kukarabatiwa na kupangwa kabla ya kukwea. Basi. Hakuna ndoto ya jiji. Kulikuwa na karakana, mahema, na bohari ya vifaa. Nairobi ilizaliwa kwa sababu gari la moshi lilisimama.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza kuonekana, kwa hivyo niivute mbele. Mombasa iliishi kwa sababu majahazi yalisimama yakingoja upepo. Nairobi ikazaliwa kwa sababu treni ilisimama ikingoja mlima. Miji yote miwili ni miji ya kusimama. Mizigo ikipita bila kusimama, mji hauli. Na tangu 1899, swali kati ya Nairobi na Mombasa limekuwa lilelile: vitu vitasimama wapi?

Hebu ona jinsi mtoto alivyoanza kubeba vyombo vya mama. Mwaka huohuo wa 1899 makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa yakaletwa huku. Mwaka 1905 makao ya serikali nayo yakapanda. Sababu iliyopendwa ilikuwa hali ya hewa: pwani kuna joto, kuna homa, huku juu mita 1,700 kuna baridi nzuri ya Mzungu. Sawa, lakini mji huu wenye hewa nzuri ulipatwa na tauni mwaka 1902, wakauchoma mtaa mzima wa biashara ili kuua panya. Kinamasi hakikuwa paradiso. Walichotaka ni nyanda za juu, mashamba ya walowezi, na mahali ambapo Sultani hakuwa na bendera.

Hata gazeti lilihama. Ukiwa tao, ukichoka, ukakaa Jeevanjee Gardens ukisikiliza wahubiri, jua kwamba A. M. Jeevanjee aliyewapa watu ile bustani alikuwa tajiri wa Mombasa. Alitoka Karachi, akawa mkandarasi wa reli, na mwaka 1902 akaanzisha gazeti Mombasa. Aliliuza, likahamia Nairobi mwaka 1910. Ndilo Standard la leo.

Na lugha je? Mwaka 1928 wakubwa wa makoloni walikutana kuamua Kiswahili kipi kiwe sanifu. Mkutano ulifanyika Mombasa. Wakachagua lahaja ya Unguja. Yaani walikaa nyumbani kwa Kimvita wakala, wakanywa, wakamwambia mwenyeji lugha yake haitoshi. Tangu hapo mtoto wa Mombasa anayesema "ndoo" akimaanisha njoo, au "moya" badala ya moja, anapigwa mstari mwekundu kwenye insha. Mimi wa Nairobi ninayechanganya kila kitu naambiwa niko na Sheng, ni ubunifu. Haki iko wapi?

Kuna kimoja tu ninachokumbuka kilichoenda kinyume: mnada wa chai. Ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa 1969, na mpaka leo chai ya hapa Limuru juu inauzwa kule chini. Akili ya kawaida, kwa sababu meli ziko huko.

Siasa sitaikaa sana, ila lazima niitaje. Ule ukanda wa maili kumi ulibaki kwa karatasi kuwa wa Sultani mpaka 1963. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Fort Jesus miaka yote hiyo. Kulikuwa na watu wa pwani waliotaka mwambao ujitawale, na kulikuwa na wengine wa pwani hiyohiyo, hasa Wamijikenda wengi, waliotaka Kenya moja. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Shamte, walikubaliana ukanda uwe wa Kenya. Unaposikia leo mtu akisema "Pwani si Kenya," unaweza kumpinga, hata mimi simuungi mkono, lakini usimwambie ametoa wazo hewani. Anakumbuka makaratasi ambayo sisi hatukusomeshwa.

Turudi kwenye kusimama.

Mei 31, 2017 tukazindua SGR. Kilomita 472, shilingi bilioni 327 zilizotajwa, na huwa nacheka peke yangu kwamba namba ni ileile ya maili za reli ya kwanza. Mimi nimeipanda na nikaipenda, sitadanganya. Lakini ile reli ina tabia moja. Steshini ya abiria iko Miritini, nje kabisa ya kisiwa. Na mizigo, kontena linatolewa kwenye meli, linawekwa juu ya behewa, linapita Mombasa yote bila kugusa chini, linakuja kufunguliwa Embakasi. Bandari ya nchi kavu. Nairobi hatuna hata ziwa, tukapata bandari.

Bohari ile ya Embakasi haikuwa mpya, ilikuwako tangu miaka ya 1980. Kilichokuwa kipya ni amri. Mkopo wa Wachina ulitaka kulipwa, treni ilitaka mzigo, kwa hiyo serikali ikaanza kusukuma mizigo reli kwa lazima, na Agosti 2019 ikatoka notisi kwamba mizigo yote ya Nairobi na kuendelea bara iende kwa SGR na kukaguliwa huku. Mwenye mzigo hakuwa na hiari tena.

Mimi nilijua habari hii kwa njia ya nyumbani. Mjomba wangu anaishi Kangemi na aliendesha trela ya tajiri mmoja kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka. Nilipokuwa mdogo nilijua amerudi kwa harufu ya achari na mabuyu. Mwaka huo wa 2019 aliegeshwa. Hakufutwa, hapana, aliambiwa "ngoja tutakuita," na mshahara wa dereva ni safari, bila safari hakuna. Alikaa nyumbani miezi mitano. Tajiri mwenyewe alikuwa akidaiwa na benki kwa ajili ya yale magari, kwa hivyo hata hatukuwa na mtu wa kumkasirikia vizuri.

Alichoniambia mjomba wakati huo ndicho kilichonifungua macho. Hakulalamika juu yake. Alikuwa akihesabu watu. Yule mama wa chapati na maharagwe Changamwe. Kijana wa pancha Mariakani. Gesti ya Voi. Wauza maji Mtito Andei, wauza machungwa Emali, fundi wa breki Mlolongo. Makarani wa wakala wa forodha waliokuwa wakikimbia na makaratasi kutoka ofisi moja hadi nyingine mle kisiwani. Mabohari ya kontena ambayo yaliajiri walinzi, makuli, madereva wa winchi. "Trela," aliniambia, "ikisimama mara kumi, watu kumi wanakula. Treni inasimama mara ngapi?"

Mombasa watu waliingia barabarani, Jumatatu baada ya Jumatatu. Hapa Nairobi tuliona kwa simu, tukasema ni wanasiasa wamewalipa. Oktoba serikali ikalegeza. Na Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kukagua na kutoa mizigo zirudi Mombasa. Hata kama ulimpigia kura au hukumpigia, fikiria hilo: moja ya mambo ya kwanza kutangazwa na serikali mpya lilikuwa ni vitu visimame wapi.

Najua nitajibiwa. Treni inapunguza ajali, na kweli barabara ya Mombasa imetuzika watu. Inaokoa lami. Mfanyabiashara wa Nairobi anataka mzigo wake karibu. Yote ni kweli na sisemi tung'oe reli. Ninachosema ni kwamba wakati wa kupanga, hakuna aliyeuliza mji wa bandari unakula nini. Tulidhani unakula watalii. Tulipima siku za kontena kutoka meli hadi Embakasi, tukafurahi zimepungua, bila kujua kwamba zile siku tulizozipunguza ndizo zilizokuwa riziki ya mji wenye historia ya karne nyingi ya kuishi kwa siku hizohizo. Sisi tunaita uchelewaji. Wao wanaita msimu.

Na si mizigo tu. Jiografia ya kisiwa inaamuliwa pia kutoka huku, na watu wanaivukia kwa roho mkononi. Kusini hakuna daraja la kudumu mpaka leo, kuna feri ya Likoni, watu wamebanana na magari na mikokoteni asubuhi na jioni. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama wakafa watu 272. Huku kwetu tumejengewa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ili tusikae kwenye msongamano. Mimi naipita hapo chini yake na nauli yangu ya matatu, kwa hiyo hata kwangu haijanisaidia, lakini nadhani mmenielewa.

Jambo la mwisho, kwa wale mnaosema bahari haiwahusu. Mvua yenu inatoka wapi? Ule unyevu unaotuletea masika na vuli hapa Nairobi kwa sehemu kubwa unasukumwa na pepo zilezile kutoka Bahari ya Hindi. Maji ya bahari upande wetu yakipata joto kuliko kawaida, vuli inakuja kwa hasira. Ndivyo ilivyokuwa 1997, ikawa hivyo 2019, ikarudi 2023. Mombasa ilijaa maji, na huku mitaro ya Kangemi na Kawangware ikatapika mpaka ndani ya nyumba. Ukisimama stendi ya Kangemi unaloa, hayo ni maji yaliyokuwa chini ya jahazi.

Msongamano wa Gitaru uliisha baada ya karibu saa moja. Nikiwa pale nilimpigia mjomba, kwa sababu amerudi barabarani, safari si nyingi kama zamani lakini zipo. Alikuwa ameegesha Mariakani akila. Nikamuuliza huko hali ikoje. Akasema joto, kusi imekwisha lakini kaskazi bado haijashika, upepo hakuna kabisa, na yule kijana wa pancha amehamia Malindi, sasa ni mwingine.